Kipa Wetu Yakub Katika Ukumbi wa Sur

Siku yangu ya kwanza studio ya mji wa Ibra, Oman, mwanzoni mwa miaka ya tisini, fundi mkuu hakunipa kamera. Alinipa brashi nyembamba kama ukope na picha ya bibi harusi iliyoingia madoa. "Mtengeneze uso," akasema, "lakini usimbunie sura." Kazi hiyo tukiiita kugusia: kuziba kwa wino pale palipoliwa na unyevu. Niliifanya Ibra, kisha Nizwa, mwisho Sur.

Huko Sur ndiko mkurugenzi wa ukumbi wa heshima wa wanamichezo wa Sharqiya, mkoa wetu wa mashariki, alikoniletea picha ya timu ya mpira ya Unguja, ya kabla ya mapinduzi. Wengi humo ni watu wetu wenye asili ya Sharqiya, waliorudi Oman. Kipa alikuwa amebaki nusu uso.

"Huyu mwondoe," akasema mkurugenzi. "Si wa Sharqiya, tena Myahudi."

Mzee Khalfan, nahodha wa timu ile, alikuwa amekaa papo hapo. "Huyo ni Yakub, mtoto wa fundi saa. Ukimwondoa, niondoe na mimi."

"Sawa, mzee wangu, lakini mlichukua kombe gani?"

"Hatukuchukua. Fainali iliwekwa Jumamosi, siku ya ibada yake. Akatuambia, 'Chezeni, tafuteni kipa mwingine.' Na yeye kila Ijumaa akitungoja nje ya msikiti, kashika mpira, mpaka tumalize kusali! Tukakataa kuingia uwanjani. Kombe wakapewa wapinzani wetu."

Mkurugenzi akaisogelea picha, akasema, "Wallahi, hii ikuzwe kuliko zote."

Mzee Khalfan akawa anakuja kila asubuhi kunielekeza. "Nyusi zikutane, mwanangu. Jicho hilo lilikuwa likicheka." Siku moja akasimama ghafla, akaiambia picha, "Yakub! Hujambo, bwana?" Nikaweka brashi chini, machozi yakinitoka.

Siku ya ufunguzi wa ukumbi alikuja na wenzake wawili wa timu waliobaki hai. Wakasimama chini ya picha, wameacha nafasi katikati. Nikawaomba wasogeleane niwapige picha.

"La," akasema mzee Khalfan. "Hapa katikati pana mtu."

Sasa nimestaafu. Nimewapiga picha maharusi, mashekhe na mawaziri. Nikiwaambia wasogee, husogea. Wazee watatu wale tu ndio walionikatalia, nami nikawapiga vivyo hivyo, nafasi ikiwa wazi.