Miaka Minne ya Kituruki

Kifungua mimba wa nyumba ile alitaka kusoma Kifaransa chuoni, lakini mjomba wake, fundi umeme wa kiwanda cha marumaru, aliapa mbele ya watu: "Soma Kituruki, mama. Mabosi wote pale kwetu ni Waturuki. Watakupokea kama malkia!"

Basi miaka minne binti akatafuna kamusi. Siku ya usaili kiwandani alivaa viatu vya kuazima vilivyombana, akamwaga Kituruki bila kukwama hata mara moja. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, kisha akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mjomba.

"Hongera, dada, unakijua kwelikweli. Ila wa kuongea Kituruki hapa tumejaa tele. Foklifti unaweza kuendesha?"

Alirudi nyumbani viatu mkononi. Sebuleni alimkuta mdogo wake wa kike ameinamia fomu ya chuo, na mjomba pembeni, kalamu mkononi, akimhubiria habari za Kikorea na soko lake.

Dada akaichomoa ile fomu, akaiweka mapajani mwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Safari hii jaza jina lako."