Pikapu Iliyodhani Imebeba Kahawa

Jumamosi asubuhi, vumbi bado limelala, na kinachoonekana cha Hilaria Ndunguru ni viatu tu. Mwili wote uko uvunguni mwa pikapu nyekundu, mgongo juu ya gunia, mkono mmoja umenyooshwa nje kuomba spana.

"Kumi na nne," anasema.

Dereva, Dastan Kapinga, anampa kumi na mbili. Inarudishwa nje.

Hapa ni pembezoni mwa mji wa Mbinga, kwenye uwanja wa zamani wa kufyatulia matofali. Ardhi tambarare huku ni ya kutafuta kwa tochi, ndiyo maana mafundi na madereva walipoanzisha mbio zao za magari waling'ang'ania hapa. Njia ni ya udongo, na mzunguko mmoja haufiki nusu kilomita. Leo yanashindana magari saba, kama pikapu nyekundu itaruhusiwa.

Kamati ya mbio imetoa sharti: izunguke kwanza peke yake. Mkia ukigeuka, inakwenda nyumbani.

Sharti hilo lina sababu. Kwenye mbio za mwezi uliopita, Dastan alikanyaga breki kwenye kona ya pili, mkia ukatangulia, na pikapu ikazunguka hadi karibu na kamba ya watazamaji. Hakuna aliyeumia. Lakini maneno yalianza kabla vumbi halijatua, kwamba mwanamke na gari la mbio wapi na wapi.

Mwenye gari, Mzee Othmar Nchimbi, mkulima wa kahawa wa Litembo, hakuyasema hayo. Yeye alisema jambo lililomchoma Hilaria zaidi.

"Mwanangu, nitalipeleka Songea, kwa fundi mwingine."

Hilaria ana miaka 43. Ufundi alifundishwa na kaka yake, Romanus, aliyekuwa akitengeneza malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Kaka alipohama, gereji ikabaki mikononi mwa dada. Wiki nzuri humbakizia shilingi elfu themanini, wiki mbaya hata elfu ishirini haifiki. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto wawili, na hajawahi kurudishiwa gari kwa sababu ya breki. Hilo hulisema akikutazama usoni.

"Watu wanashuka Mbamba Bay na magari niliyoyatengeneza mimi," anasema. "Wanashuka milima ile na familia zao ndani. Halafu nishindwe na uwanja wa matofali?"

Alimwomba Mzee Othmar ampe nafasi moja ya mwisho. Akafungua magurudumu yote manne, akabadilisha breki za nyuma zilizoanza kulika, akatoa upepo kwenye mabomba ya breki, akafunga shokapu mpya. Kila kitu kilikuwa kizima. Wakaja kujaribu uwanjani, na pikapu ikageuka tena kwenye kona ileile. Hilaria anakiri kwamba siku hiyo machozi yalimlengalenga, na si ya vumbi.

Jibu lilipatikana njiani, na lililetwa na tabia ya Mzee Othmar, ambaye hawezi kuvumilia kuona pikapu ikipanda Litembo tupu. Alipoitoa uwanjani alipitia dukani, akapakia mifuko kumi na miwili ya mbolea. Hilaria alikuwa amekaa mbele, akijua gari linakwenda kulala na kesho linamtoka mikononi. Kwenye mteremko mmoja mbuzi wakakatiza. Dastan akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Pikapu ikasimama imenyooka.

"Nilimwambia azime," anakumbuka Hilaria. "Nikashuka, nikaingia uvunguni na gauni langu zuri."

Alichokiona ni waya. Karibu na ekseli ya nyuma, pikapu hii ina kifaa kinachopima mzigo. Gari likilemewa, kifaa huongeza nguvu ya breki za nyuma. Likiwa tupu, huipunguza. Hilaria mwenyewe, miaka kadhaa nyuma kilipoharibika, alikuwa amekifunga kwa waya kibaki juu, ili pikapu idhani siku zote imebeba kahawa. Ikiwa na magunia, ilikuwa salama. Ikiwa tupu na mbio, matairi ya nyuma yaliganda na mkia ukakosa pa kushika.

"Nilicheka peke yangu pale chini," anasema. "Nilikuwa nalitafuta kosa, kumbe natafuta kazi yangu nzuri."

Waya ukakatwa, na kifaa kipya kikafungwa, kijipimie chenyewe. Majani mawili ya springi aliyoyaongeza kwa ajili ya mizigo yakatolewa, na upepo wa matairi ya nyuma ukapunguzwa, ili yashike udongo badala ya kurukaruka. Leo amebakiza kukaza nati.

Anatoka uvunguni, anajikung'uta. Dastan anawasha gari, anaanza mzunguko wa majaribio.

Kwenye kona ya pili Hilaria haangalii gari, anaangalia udongo. Pikapu inapunguza mwendo, inainama kidogo, inapita. Alama za matairi zimekata kona vizuri, hakuna iliyotoka pembeni. Bendera ya kamati inapanda juu.

Katika mbio zenyewe inamaliza ya tatu.

"Mbio zilizopita nilikuwa nauogopa mguu wangu mwenyewe," anasema Dastan akiteremka. "Leo nimekanyaga bila kuwaza, dada."

Mzee Othmar anakuja taratibu, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba," Hilaria anamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Anaizunguka pikapu yake mara moja. "Nilisema nitalipeleka Songea. Bado nalipeleka. Mwezi wa kumi wana mbio zao kule. Jiandae, tunakwenda wote."

Hilaria anacheka kwa sauti. Kisha anatoa sharti lake. Mlangoni mwa pikapu kuna majina mawili kwa rangi nyeupe, la mwenye gari na la dereva. Anataka la tatu chini yake: Fundi, Hilaria Ndunguru, Mbinga. Na herufi zisiwe ndogo.

"Likigeuka, jina halisomeki," anasema, akipangusa mlango kwa kiganja. "Likisimama limenyooka, Songea nzima italisoma."