Maji Yaliyotoka Dallas

Yote yalianza na kujisifu kwangu. Nafanya kazi kwenye mtambo wa maji hapa Houston, na Jumapili moja nilimletea Mama kipande cha kichujio kikuukuu kilichotolewa kazini: nyuzi nyeupe zenye uwazi ndani, nyembamba kama tambi. Nikamweleza kuwa maji ya mto husukumwa kwenye kuta za nyuzi hizo, tope na vijidudu vikabaki nje, maji yakapita safi. Mama akazipapasa. "Mashaallah!" Kichwa kikanivimba.

Kaka yangu anayeishi Richardson, pembeni mwa Dallas, alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa sote tumsikie. Mdomo wake hauna breki. "Mama, huo mto si unatoka kwetu? Sisi Dallas tuna-flush choo, nyinyi Houston mnakunywa!"

Alicheka peke yake. Kulikuwa na ukweli ndani ya utani huo, ingawa maji taka ya kule husafishwa kwanza ndipo yarudishwe mtoni. Mama aliziweka zile nyuzi mezani, akaenda kunawa mikono.

Jumanne ilikuwa siku yake ya kusafishwa damu, maana figo zake hazifanyi kazi tena. Tulipofika kituoni akakataa kushuka garini.

"Mashine ile yatumia maji mengi. Damu yangu isafishwe kwa najisi, kisha nisali vipi?"

Nilishtuka mpaka jasho likanitoka. Kukosa siku moja ni hatari, kuacha kabisa ni kufa. Nikampigia sheikh wetu, naye akamwambia kwa upole kwamba maji yakishasafika rangi, harufu na ladha ni twahara, asali bila wasiwasi. Mama akaitikia, "Ahsante sheikh," na hakusogea. Nikachukua chupa niliyojaza bombani, nikainywa yote mbele yake. Nikarudia habari za zile nyuzi, nikaapa kwamba kituoni maji huchujwa tena upya. Sauti ilinipanda, nikawa namgombeza mama yangu mzazi kama mtoto.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akanifuta jasho kwa ncha ya mtandio wake.

"Mambo ya maji niliyaelewa tangu Jumapili, mwanangu. Nimechoka na sindano. Nilitafuta sababu isiyokuumiza."

Nikaushika mkono wake wenye alama za sindano. Muuguzi alikuwa keshafungua mlango wa kituo, ameushikilia, anatupungia mkono tuingie.