Munyao Alivyohamia Kibuyu

Munyao ni ndugu wa marehemu mke wangu, Kalekye. Kazi yake ni udalali wa mbuzi. Hununua huku Kathonzweni akauze Mwingi, au hununua Mwingi akauze huku, na pande zote mbili husema amepata hasara. Ugonjwa wake ni siasa.

Si siasa ya vyama vikubwa. Anasema huko watu ni wengi, mtu akikohoa hasikiki. Yeye hupenda chama kidogo, kile ambacho wanachama wote wakikutana wanatosha meza moja ya hoteli na kila mmoja ana cheo. Kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa wadi wa Chama cha Jembe. Mara moja aliwania uwakilishi wa wadi. Kura zake zilikuwa chache mpaka tulizijua kwa majina. Na bado ilikosekana moja ya nyumbani kwake. Mke wake akiulizwa, huanza habari za kuku wake.

Kalekye alimpenda hivyohivyo. Yeye mwenyewe hakuwa na chama cha siasa. Alikuwa na duka lake hapo sokoni, na kanisa, na mwethya, yaani lile kundi la kulimiana mashamba kwa zamu. Alisema hizo tatu zinamtosha, na mimi ni wa nne.

Alikufa mwezi wa tatu.

Siku ya mazishi Muli alikuja. Muli ndiye mkubwa wa Jembe kaunti yetu yote ya Makueni. Alichukua maikrofoni kwa pasta akasema marehemu alikuwa mwanachama shupavu wa Jembe. Watu wakaangalia chini. Mimi nilikuwa nimekaa, na kusimama sikuweza. Munyao ndiye alisimama. Alivua kofia yake ya chama, akaiacha kwa kiti, akaenda kukaa na wachimba kaburi. Watu walipomaliza kula, akamfuata Muli kwa gari lake.

"Nimetoka," akamwambia.

"Umetoka wapi?"

"Jembe."

"Utarudi ukitambaa," Muli akasema. "Nani mwingine atakuchukua na kura zako zile?"

Basi Munyao akakaa bila chama. Sikuwa nimemwona hivyo maishani. Alikuwa anakuja kwangu, anakunywa chai, siasa haitaji. Mbuzi wa watu alikuwa anauza bila hata kuwasifu.

Halafu siku moja akarudi kutoka Mwingi akicheka peke yake njiani.

Kule Mwingi kuna rafiki yake, Dubow, mwenye malori ya kubeba mifugo. Ni Msomali aliyezaliwa hapo, na Kikamba chake ni laini kuliko cha Munyao. Dubow na wenzake walikuwa wamepata chama, Chama cha Kibuyu. Kilikuwa na jina na alama. Watu ndio hakuna, waliondoka zamani.

"Kilikufa," nikasema.

"Hakijafa, shemeji. Kimelala. Sisi tunakiamsha."

Tofauti ya kulala na kufa mimi naijua.

Akanieleza. Chama kikitaka kurudi, mkaguzi anatoka Nairobi anazunguka kaunti. Anataka kuona ofisi iliyo wazi, na wanachama awaone kwa macho yake. Kitui, ambako ndiko Mwingi, Dubow alikuwa amemaliza. Makueni ilikuwa imebaki, na Makueni ni Munyao. Mkaguzi asipoona kitu, Kibuyu kinafutwa. Munyao atakuwa ametoka Jembe na hana pa kuingia, na Muli atamcheka kwa soko la mbuzi mpaka wote wawili wazeeke.

"Sasa ofisi yako iko wapi?" nikamuuliza.

Akaangalia kikombe.

"Duka la dada limefungwa tu, shemeji."

Nikamwambia hapana. Akanywa chai, akaenda. Kesho yake akarudi, nikamwambia hapana. Siku ya tatu hakuuliza. Alisema hivi:

"Muli alisimama mbele ya jeneza akasema dada yangu alikuwa mtu wake. Watu walisikia. Nataka waone mlango wake umefunguliwa na mtu ambaye si wa Muli."

Nilikuwa na ufunguo mfukoni tangu mazishi. Nikampa.

Alifungua yeye. Mimi nilisimama nje. Harufu ya sabuni na mafuta ya taa ikatoka kwanza. Leso yake ilikuwa bado kwa msumari, na mizani ilikuwa kwa kaunta. Munyao akaniletea leso, nikaikunja. Halafu akaanza kufagia, akipiga chafya.

Fundi wa rangi akaletwa kuchora kibuyu kwa ukuta. Kibuyu siku hizi ni nani anacho? Watu wana mitungi ya plastiki. Fundi alichora kile alichokikumbuka. Susu Kasyoki, nyanya wa wote hapa, aliyechukua uongozi wa mwethya baada ya Kalekye, akapita akasimama, akainamisha kichwa huku na huku.

"Munyao, mtakuwa mnauza balbu?"

"Ni kibuyu, susu."

"Ni balbu hiyo. Hata nyuzi zake naona. Haya, nipimie chumvi."

"Hapa hakuna chumvi. Hapa ni ofisi."

"Ofisi gani haina chumvi?" akauliza, akaenda zake.

Siku nzima ilikuwa hivyo. Mlango wa Kalekye umefunguliwa, basi watu wanaingia. Huyu anataka kiberiti, yule anataka majani ya chai. Munyao akawaeleza sera za chama. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakauliza sukari itakuja lini.

Ofisi ilikuwa imepatikana. Wanachama ndio kazi. Huku ukiita watu kwa siasa, swali la kwanza ni unga wa kugawiwa uko wapi, na Munyao hakuwa na unga. Akafikiri. Halafu akapita nyumba hadi nyumba akisema maneno machache tu: "Jumatano asubuhi, kwa duka la Kalekye. Kila nyumba mtu mmoja."

Aliponiambia amesema hivyo, nilimtazama sana.

"Umewaambia ni ya nini?"

"Wakifika wataona."

"Munyao, kila nyumba mtu mmoja?"

"Si ndiyo watakuwa wengi?"

Siasa ilikuwa imemla mpaka amesahau kwao. Kwetu ukisema kila nyumba itoe mtu mmoja, umeita mwethya. Hakuna maana nyingine. Na ukisema ni kwa marehemu, basi ni shamba la mfiwa. Langu liko nyuma tu ya soko, na tangu mwezi wa tatu halikuwa limeona mkono wa mtu. Matuta yalikuwa yamebomoka, na mvua ilikuwa karibu. Ningemwambia. Lakini alikuwa na furaha sana, na ilikuwa siku nyingi sijaona mtu wa kwao Kalekye akifurahi. Nikamwacha.

Jumatano Munyao alivaa suti ya harusi yake. Alikuwa na kofia mpya ya kijani yenye kibuyu, kile kibuyu chenye nyuzi. Alisimama mlangoni akiangalia barabara.

Walikuja. Sijawahi kuona watu wakija kwa Munyao namna ile. Akina mama mbele na wazee nyuma, wakiimba wimbo wa kazi pole pole. Na kila mmoja, begani, alikuwa na jembe.

Munyao akashika mlango.

"Shemeji," akaniambia, "hawa wamebeba alama ya nani?"

"Ya Muli," nikasema.

Kabla hajasema lingine, gari likasimama. Dubow akashuka, na mkaguzi, dada mmoja mwenye miwani. Dada akaangalia watu, akaangalia majembe, akaangalia ukuta.

"Mwenyekiti, hii ni ofisi ya Kibuyu au ya Jembe?"

"Ya Kibuyu," Munyao akasema, sauti imekwisha.

Dubow alikuwa anaangalia ukuta. "Na hiyo balbu ni ya nini?"

Maneno mabaya hayaji peke yake. Pikipiki ikafika, na nyuma alikuwa Muli. Alikuwa amesikia kuna ukaguzi, akaja kumcheka Munyao. Alipoona watu na majembe, uso ukawaka kama mtu aliyeokota mbuzi.

"Madamu," akamwambia mkaguzi, "hawa ni wanachama wangu. Jionee mwenyewe." Akageukia watu, akanyoosha mkono. "Jembe juu."

Hakuna jembe lililosogea.

"Juu kuna kazi gani?" Susu Kasyoki akamuuliza. "Kazi iko chini."

Watu wakacheka. Mkaguzi akamwendea. "Mama, nyinyi ni wa chama gani?"

"Sisi ni wa mwethya. Tumekuja kulima kwa Nzuki, kwa sababu mke wake hayuko. Si tuliitwa?"

Nzuki ni mimi. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia matuta yangu.

"Mliitwa na nani?" mkaguzi akauliza.

Wote wakamgeukia Munyao. Jasho lilikuwa limefika kwa kola. Alivua ile kofia akaishika kwa mikono miwili.

"Niliwaita kwa siasa," akasema. "Nilitaka mjiandikishe Kibuyu. Leo tusipokuwa na watu, chama kimefutwa, na mimi nimekwisha."

"Kwa hivyo ulitudanganya kwa jina la marehemu," Susu Kasyoki akasema.

"Sikudanganya, susu. Sikusema tu."

"Hiyo ndiyo siasa yenyewe."

Muli akaingilia. "Akina mama, mimi siwadanganyi. Njooni kwangu. Chama chenu mmekibeba wenyewe begani."

Susu Kasyoki akamtazama shati, ambalo lilikuwa limechorwa jembe kifuani.

"Hilo lako linalima?" akamuuliza. Akachukua jembe la mjukuu wake, akamnyooshea. "Shika hili basi. Shamba ni hapo nyuma."

Muli akaangalia saa. Akakumbuka ana mkutano Malili. Malili si karibu, na pikipiki ilikuwa bado haijazima, kwa hivyo aliondoka haraka.

Jembe likabaki limenyooshwa. Susu hakulirudisha. Aligeuka nalo pole pole mpaka likamfikia Munyao.

Munyao hakuwa amelima kwa mwethya tangu aanze vyeo. Zamu yake ikifika, alikuwa anatuma salamu. Akaangalia suti, akaangalia mkaguzi. Akavua koti, akampa Dubow.

"Madamu anarudi Nairobi leo," Dubow akamkumbusha. "Mambo ya chama je?"

"Chama atakipata shambani," Susu akasema. "Tukimaliza kwa Nzuki, tutasikia maneno yake. Si kabla."

Tukaenda basi. Nilitembea nyuma yao. Walijipanga kwa matuta kama Kalekye alivyowazoesha, wenye nguvu juu, wazee chini, na wimbo katikati. Munyao waliwekwa juu. Viatu vyake vya ngozi vilijaa udongo, na kila akiinua jembe lilitua mahali ambapo hakuwa amelielekeza.

"Mwenyekiti," mama mmoja akamwita, "unalima au unaua nyoka?"

"Mwacheni," mwingine akasema. "Anaamsha chama."

"Chama kimelala ndani sana basi. Chimba."

Dubow naye aliona aibu kusimama, akabeba karai la udongo mpaka shati likabadilika rangi. Mkaguzi alichoka kungoja, akavua viatu akaja kwenye matuta. Akawa anawauliza mmoja mmoja wakiendelea kulima.

"Mama, unajiunga na Kibuyu kwa hiari yako?"

"Ngoja nimalize hapa." Alimaliza, akanyoosha mgongo, akamwangalia Munyao, ambaye wakati huo alikuwa amekaa chini akitazama viganja. "Mbona damu?"

"Ni malengelenge," Munyao akasema.

"Niandike," mama akamwambia mkaguzi. "Sijawahi kuona mwanasiasa akitoka damu kwa kazi."

Si wote walikubali. Wengine walisema wao ni wa Yesu na hiyo inatosha. Mkaguzi hakuwalazimisha. Susu Kasyoki alikuwa wa mwisho. Alipita kwenye mstari wa Munyao, akaupima kwa macho, akakanyaga mahali palipopinda.

"Umelima vibaya," akamwambia. "Lakini umelima. Niandikwe."

Jua lilipofika katikati, shamba lilikuwa limekwisha. Mkaguzi akarudi kwa duka, akapiga picha ya mlango na ukuta, akamwambia Munyao watu wametosha. Akasema pia ofisi lazima ikae wazi kila siku ya kazi, kwa sababu mwingine anaweza kuja bila kuambia mtu. Ikikutwa imefungwa, ni kurudi mwanzo. Munyao akaapa. Kushika kalamu hakuweza, mikono ilikuwa imekataa.

Kibuyu kiliamka. Mvua nayo ilikuja, na matuta yalishika maji.

Munyao sasa ni mwenyekiti wa kaunti. Hukaa dukani asubuhi hadi jioni, kwa sababu aliapa. Na mlango ukiwa wazi, watu huingia. Wiki ya kwanza aliwarudisha, wiki ya pili akachoka, akaleta chumvi kidogo ili wamwache. Halafu sabuni. Halafu nikaona siwezi kukaa nyumbani peke yangu na yeye anapima maharagwe vibaya, nikaanza kwenda. Ofisi ya chama iko, ni ile meza nyuma ya magunia ya unga. Mtu akitaka kujiunga, anapitia kando.

Juzi simu yake iliita akiwa hayupo. Nikaishika. Alikuwa Dubow, kutoka Mwingi.

"Mwenyekiti yuko?"

"Ameenda kununua sukari."

"Haya. Na chama kinaendeleaje huko Makueni?"

Nilikuwa nampimia mtu. Nikaangalia mlangoni, wengine watatu walikuwa wanangoja.

"Watu wanakuja," nikamwambia. "Lakini chumvi imekwisha."