Vipimo vya Mwalimu Yuditha

Kwa miaka ishirini na sita Mwaija Mhina amevijua viuno vya nusu ya wanawake wa Handeni mjini, na hajawahi kumtajia mtu hata kimoja. Kibanda chake cha kushonea kiko mtaa wa Chanika, ubavuni mwa duka la pembejeo, na wanawake hawaji pale kwa ufundi peke yake. Mafundi wazuri wako wengi. Wanakuja kwa sababu alichokiona Mwaija nyuma ya pazia lake hukisikii popote, hata kwenye misiba, ambako habari zote za Handeni hupita.

Zamani vipimo aliviandika kwenye daftari la jalada gumu, kila mteja na ukurasa wake, na pembeni alama alizozibuni mwenyewe. Duara lenye nukta lilimaanisha bega moja limeshuka. Alama nyingine usimuulize, hakuambii. Daftari lilimtunzia siri, lakini kwa kazi lilikuwa mzigo. Mwanamke wa mbali, tuseme Kerenge, akitaka gauni ilimbidi asafiri mara tatu: kupimwa, kujaribu na kuchukua. Mwaka mmoja mvua ya masika ilipenya paa, kurasa zikagandana, Mwaija akalazimika kuwapima upya wanawake sitini. Walionenepa hawakulifurahia zoezi hilo.

Ndipo akaingia Hajira, mtoto wa kaka yake, msichana aliyesomea biashara chuoni na asiyependa kuona kitu kikifanyika polepole. Hajira alifungua tawi Korogwe, akaweka mashine ya umeme ya kukatia vitambaa, wakagawana kazi: shangazi anapima na kushona Handeni, yeye anakata Korogwe, mizigo inakwenda na kurudi kwa basi. Daftari moja haliwezi kukaa miji miwili. Kwa hiyo vipimo vyote vikahamia kwenye orodha ndani ya simu, ambayo wote wawili waliweza kuifungua kwa wakati mmoja. Kila mteja akapewa mstari wake: jina, namba ya simu, tarehe, vipimo, na mwishoni nafasi ya maelezo. Wateja wa mbali wakaanza kujipima wenyewe na kutuma. Zile safari tatu zikawa moja, na kazi zikaongezeka mpaka Mwaija akanunua cherehani ya tatu.

Hajira hakuwa mzembe. Orodha aliifunga kwa neno la siri. Kila Ijumaa alitoa nakala akaihifadhi mahali pengine. Mkataji mmoja alipoacha kazi, Hajira alibadilisha neno la siri siku hiyohiyo, kabla hata mtu huyo hajamaliza kuaga, asije akawa amelichungulia. Alifikiria simu kuibiwa, simu kudumbukia kwenye ndoo, matapeli wanaopiga na sauti tamu wakiomba namba za siri. Hatari zote alizifikiria. Hakumfikiria shangazi yake.

Jambo moja tu walibishania, nalo ni ile nafasi ya maelezo. Mwaija alitaka kuendelea na alama zake.

"Shangazi, mimi siyajui hayo maduara yako," Hajira alisema. "Nikikata vibaya, kitambaa cha mtu kimeharibika. Andika wazi, kwa maneno. Orodha tunaiona mimi na wewe tu."

Mwaija akaandika wazi. Alianza na wenye mabega yaliyoshuka, akafuata wenye migongo iliyopinda, na alipofika kwa mwalimu Yuditha alisita kidogo, kisha akaandika: *Kushoto hana titi. Jaza pamba, ishonee ndani ya bitana.*

Yuditha alikuwa amefundisha Handeni miaka kumi na moja kabla ya kuhamishiwa kwao Lutindi, juu kule milimani. Miaka minne iliyopita alikutwa na saratani, akakatwa titi la kushoto. Watu watatu tu walijua: mumewe, daktari na fundi wake. Mama yake, Bibi Damari, aliambiwa kwamba mwanawe yuko Dar es Salaam kwenye semina ya walimu, wiki tano. Uongo huo ulikuwa na sababu. Bibi Damari alikuwa amemuuguza binti yake mkubwa kwa ugonjwa huohuo, akamzika, na baada ya hapo alikaa mwaka mzima bila kuimba kanisani. Yuditha aliapa kwamba mama yake hatarudishwa kwenye hofu ile. Mwaija alimshonea pamba ndani ya bitana, gauni baada ya gauni, na Bibi Damari aliimba.

Mwaka huu, kwaya ya akina mama ya kanisa lao la Lutindi ilipotaka sare ya tamasha, Yuditha ndiye aliyesema kazi iende kwa Mwaija. Wanawake ishirini na nane, Yuditha na mama yake wakiwemo. Wakafungua kundi la WhatsApp, wakamwingiza Mwaija na Hajira, na Bibi Damari naye akaingia kwa simu aliyonunuliwa na Yuditha mwenyewe.

Sasa, sare ina desturi yake huku. Haishonwi kimyakimya. Kabla ya kitambaa kukatwa, fundi husimama mbele ya wote akasoma orodha kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kila mtu asikie jina lake, asije mtu kulalamika baadaye kwamba alirukwa au alipunjwa kitambaa. Mwaija alikuwa amesoma orodha za namna hiyo kwenye harusi zisizo na idadi. Alisoma jina, urefu wa gauni na mikono, basi. Kiuno alikiruka, nyonga aliziruka, na zile alama za pembeni hata jicho lake halikuzigusa. Mdomo wa mtu mzima unajua kuruka.

Safari hii hakupanda Lutindi kusoma. Kulikuwa na kundi. Jumanne moja saa nne asubuhi, kwa moyo mweupe kabisa, Mwaija aliiteua mistari ya kwaya yote ishirini na nane, akaituma kwenye kundi, na chini yake akaandika: *Akina mama, kila mmoja ahakiki wake.* Halafu akarudi kwenye cherehani. Aliona ametenda haki, kama siku zote.

Hajira alipiga simu huku analia. "Shangazi, futa! Umetuma mpaka maelezo! Bonyeza, shikilia, chagua futa kwa wote!"

Simu ilimponyoka Mwaija mara mbili. Ilipita dakika kumi na mbili mpaka ujumbe ulipofutika. Kabla ya kuufuta, Mwaija alimsomea Hajira majina ya waliousoma, kama simu yenyewe ilivyoyaonyesha. Walikuwa kumi na tisa. Yuditha alikuwemo. Bibi Damari alikuwemo.

Kesho yake Mwaija alifunga kibanda. Hakumtuma mtu, wala hakuandika ujumbe wa pole. Ujumbe ulikuwa umeshafanya kazi yake siku ile. Alipanda basi mpaka Korogwe, akachukua bodaboda, akapanda Lutindi huku amejifunga mtandio kichwani kwa baridi asiyoizoea, akamkuta Yuditha nje ya nyumba ya walimu anachambua mchicha.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba radhi."

"Kaa, dada Mwaija," Yuditha alisema, akamsogezea kigoda. Adabu haikumtoka. Akaendelea kuchambua majani. "Wamenipigia sita. Wananipa pole kana kwamba nimekatwa jana."

"Na mama?"

"Mama hajasema kitu. Jana jioni kaniletea ndizi, kauliza habari za watoto, kaondoka. Sijui kama aliuona na kuuelewa. Siwezi kumuuliza, maana nikimuuliza nimemwambia." Akatupa shina kando. "Ningemwambia siku moja, dada. Labda nikifikisha miaka mitano salama. Ilikuwa yangu kusema, si yako, wala si ya simu."

Mwaija hakujitetea. Angeweza kusema habari ya desturi, au ya Hajira na nafasi ya maelezo, au ya vidole vizee. Hakusema hata moja. Alilia, akasema, "Nimekukosea," akateremka mlima.

Sare zilishonwa, kwa kuwa kwaya ilikuwa imeshatoa neno. Gauni la Yuditha halikuletwa Chanika. Alilishona mtu mwingine, Mombo huko.

Mwaija na Hajira walikaa siku mbili nzima wakiitengeneza upya kazi yao. Majina yalitoka kwenye orodha ya kukatia, zikawekwa namba. Mambo ya mwili wa mteja yalihamishiwa mahali pengine panapofunguliwa na Mwaija peke yake, na Hajira hupewa maelekezo ya kukata bila sababu yake: *kushoto ongeza inchi moja na nusu*, basi, haulizi. Hakuna kinachotumwa kwenye kundi. Kila mteja hutumiwa mstari wake. Na jipya kuliko yote, kabla ya kuandika jambo lolote lisilo la urefu na upana, mteja huulizwa kama anataka liandikwe. Kazi ilipungua kasi. Hajira, asiyependa polepole, hakunung'unika hata mara moja.

Wiki mbili kabla ya tamasha, Bibi Damari alitokea Chanika peke yake, na gauni la sare ndani ya kikapu.

"Shikamoo, mama," Mwaija alisema, akaweka mkasi chini.

"Marahaba, mwanangu. Mikono ya hili gauni mirefu, nipunguzie."

Mikono haikuwa mirefu. Mwaija alipima, akapima tena. Bibi akaangalia pande zote, akavuta kiti.

"Ile pamba," alisema taratibu. "Unaishonea wapi? Tukiinua mikono kwenye ule wimbo wa mwisho, huwa naogopa itampanda. Huyo fundi wa Mombo simjui kama anaweza."

Mwaija alianza kuomba radhi, maneno yakigongana, lakini bibi akainua kiganja.

"Usilie. Wewe hukuniambia jipya. Mwanamke harudi kutoka semina anabeba ndoo kwa mkono mmoja. Nilimwogesha mimi mtoto yule, ningekosaje kujua? Nilijua wiki ileile aliyorudi." Akajifuta pua kwa pembe ya kanga. "Lakini aliona raha mimi nisipojua. Alipata nguvu. Akiniona naimba, naye anasema mama yuko salama. Basi nikaimba. Miaka minne. Siku nyingine sauti haitoki, nafumbua mdomo tu."

"Mwambie, mama. Anateseka. Hajui kama ulisoma."

"Nitamwambia nikiweza. Bado siwezi. Na wewe usimwambie."

Mwaija alimwonyesha jinsi pamba inavyoshonewa ili isipande, mshono kwa mshono, bibi akaifuatisha mishono kwa kidole mpaka akaijua. Mikono ya gauni hakuipunguza. Bibi akaondoka na kikapu chake kwa basi la saa nane.

Hebu fikiri mzigo aliobaki nao. Kwa neno moja angejisafisha. Angepiga simu Lutindi, aseme, mwalimu, mama yako alijua kabla yangu, kosa langu halikuvunja kitu. Usiku angelala. Yuditha naye angelala. Nani angemlaumu? Siku tatu Mwaija aliitoa simu, akaitazama, akairudisha chini ya vitambaa. Alikasirika hata na bibi wa watu, akasema moyoni kwamba wazee wengine wana roho ngumu.

Siku ya nne Yuditha alipiga mwenyewe. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile ya mchicha.

"Dada Mwaija. Mama yangu alikuja huko kwako."

"Alikuja, mwalimu."

"Alifuata nini?"

"Alileta gauni lake."

"Gauni lake linamkaa vizuri, nimeliona. Alisema nini? Alisema habari yangu?"

Mwaija alifumba macho. Neno lilikuwa pale, tayari, tamu.

"Ya mama yako muulize mama yako, mwalimu."

"Kwa hiyo unajua kitu."

"Sijasema najua."

"Na ukijua hutaniambia?"

"Sitakwambia."

"Hata mimi? Hata ukiniona nakosa usingizi?"

"Hata wewe," Mwaija alisema, na machozi yakamtoka kwa jinsi neno hilo lilivyomuuma. "Nisamehe. Sitakwambia."

Yuditha hakukata simu. Kwa mbali zilisikika kelele za watoto wa shule wakitoka mapumziko, kisha kengele, kisha kelele zikatulia.

"Jumamosi nina nafasi," alisema mwishowe. "Nakuja na gauni langu. Unipime wewe."