Buaphan na Seli Zisizojua Sikukuu

Saa nne asubuhi Buaphan anawasha taa nyekundu juu ya mlango wa maabara. Ikiwaka, haingii mtu, maana ndani kuna virusi. Leo hakuna wa kuzuiwa. Chuo kizima hapa Khon Kaen, Thailand, kimekwenda nyumbani kwa Songkran, mwaka mpya wa kumwagiana maji, na yeye amebaki na visahani tisa.

Ndani ya visahani mna seli za saratani ya njia ya nyongo. Buaphan, mwenye miaka arobaini na saba, amezitilia virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaana. Kazi yao ni kubeba amri hadi ndani ya seli, jeni moja inyamaze. Kisha anatia dawa inayoua kila seli isiyopokea virusi. Zinazobaki ndizo zinazoangaliwa: bila jeni ile, saratani inadhoofika au la?

"Nakaa na vitu visivyojibu," anasema, akizungusha kisahani taratibu. "Mwaka wa kumi na mbili huu. Nikitoka humu, hata sauti yangu naishangaa."

Amekosa Songkran tatu, na mwaka huu alipanga kwenda. Akahesabu siku vizuri, ila akazihesabu kwa seli za zamani, zile zinazokua upesi. Hizi zilitoka kwa mgonjwa majuzi tu, na ni goigoi. Siku ya kubadilisha dawa ikaangukia kwenye sikukuu yenyewe. Mwenzake Ratri, begi mgongoni, akamcheka kwamba dada kaolewa na visahani na mahari hajaiona.

Kijijini Kalasin baba yake, Mzee Khamsing, alikuwa akimngoja ammwagie maji ya maua mikononi, kama watoto wafanyavyo kwa wazazi. Mama alikufa kwa saratani hii hii, inayoanzia kwenye minyoo ya samaki mbichi. Mzee bado anakula samaki wa hivyo.

Jana Buaphan alimpigia simu kumwambia haji.

"Mimi nina miaka themanini na moja," baba akasema. "Hizo seli zako zina mingapi?"

"Siku ishirini, baba."

"Basi bado ni watoto. Kaa nao."

Kabla ya kukata simu, mzee akaahidi jambo moja.

Jumamosi atabadilisha dawa kwa mara ya mwisho, apande basi la kwanza. Maji atamwagia hata kama sikukuu imepita. Majirani wakicheka, na wacheke.

"Baba amesema hatagusa samaki mbichi mpaka nifike," anasema, akifunika kisahani cha tisa. "Sasa sijui nitamani kuwahi au kuchelewa."