Globu Nyeupe za Pikapu

Juzi nilipeleka CV duka la spea Mwanakwerekwe, maana maofisini nshachoka kufukuzwa. Akaingia mzee mmoja mwenye pikapu, na globu mbili nyeupe za taa za mbele ndani ya leso.

"Nirejeshee zangu za zamani," akamwambia fundi.

"Mzee wangu, kila mtu anataka mwanga, wewe unataka kiza? Si ulisema usiku huoni njia?"

"Sasa nnaona. Asiyeona ni anayekuja mbele yangu."

Akainua kiganja mbele ya macho.

"Shemegi yangu alikuja na baskeli, akafanya hivi. Nkadhani ananipungia, na mimi nkampungia. Kumbe anajikinga na taa zangu. Akaacha njia, akavaa ukuta. Tumemzika Ijumaa."

Fundi akazipokea zile globu kwa mikono miwili. Sote tuliokuwemo dukani tukasema, "Inna lillahi."

Mzee alipotoka, bwana mmoja akasogea kaunta. "Basi hizo alizorejesha nifungie mimi. Nnachukua samaki Nungwi usiku."

Fundi akamfungia. Seriously! Na sisi tuliokuwa tukisikitika sasa hivi, hakuna aliyefungua mdomo. Shame on us, mimi na degree yangu nikiwa wa mbele.